Kipande cha Runazi

Kila kijana mpya anayeingia chumba chetu cha kuhariri huiona ile kasoro kabla hajazoea hata kiti chake. Anakuja mlangoni kwa adabu. "Shikamoo mama. Samahani, ile filamu ya zamani, ya Bwana Afisa bombani. Pale anapoanguka, uso wa yule binti unakaa mno. Kicheko kinakwisha watu bado wanamtazama. Nikipunguze kile kipande?" Namjibu marahaba, halafu namjibu hapana. Najua mlikuwa mnasema huko nje kwamba mama Skola ni mkaidi. Sasa nimestaafu, funguo nimekabidhi, na sitakuwepo tena mlangoni kusema hapana. Ndiyo maana naandika.

Ya vyeo na mishahara nayaruka. Mishahara mnaijua wenyewe, na vyeo havijawahi kumchekesha mtu, ila Melkiori, mchekeshaji nitakayemfikia, alipoviigiza.

Mimi ni Mhangaza wa Ngara, mtoto wa wakulima wa kahawa na migomba. Sikusomea filamu. Nilisomea ushonaji kwa masista. Miaka ile ya wakimbizi, barabara zetu zilipojaa watu na malori, shirika dogo lililofanya kazi kambini lilitaka kitambaa kikubwa cheupe cha kuonyeshea sinema, nikaitwa nikiunganishe kwa mashuka. Siku ya kukabidhi, mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya sufi alipitisha kiganja juu ya kazi yangu, taratibu, mpaka mwisho. "Mshono uko wapi?" akauliza. Nikamwonyesha. Akautazama tena. "Basi usirudi kwa masista," akasema. "Kuna mashine hapa inamngoja mtu wa namna yako."

Huyo ndiye mzee Gervas, mwalimu wangu, aliyekuwa mpiga picha na kila kitu kingine. Ujanani alizunguka Kagera nzima na gari la sinema la serikali. Walikuwa wanaonyesha filamu za kilimo cha pamba na za kuchimba vyoo, na ili watu wasiondoke, mwishoni waliweka kichekesho cha Hollywood. Mzee Gervas alivitazama vichekesho hivyo miaka na miaka, kijiji baada ya kijiji, hata akawa anajua kila mahali picha inapobadilika. Hollywood hakuwahi kufika. Alikuwa amefika Mwanza, na hakuipenda.

Somo lake la kwanza ninalo mpaka leo. Mtu anapoanguka, alisema, usiendelee kumwonyesha aliyeanguka. Onyesha uso wa mtu aliyemwona. Watazamaji wanacheka pamoja na yule anayeona. Somo la pili lilikuwa kusimama nyuma ya watu wakati wa maonyesho, usitazame shuka, usikilize tu. Mahali wanapocheka, paache papumue kabla sauti inayofuata haijaja. Mahali wanapokohoa, pakate.

Ninyi mnakata kwa kidole. Sisi tulikuwa na mashine mbili za kanda na televisheni mbili ndogo. Unacheza kanda ya kwanza, unarekodi kwenye ya pili, kipande kimoja baada ya kingine kwa mpangilio wake. Ukitaka kubadilisha kitu katikati, huwezi kukichomeka tu. Kila kilichofuata unakifanya upya mpaka mwisho. Kwa hiyo ulifikiri kabla ya kukata. Vumbi jekundu liliingia kila mahali. Asubuhi nilisafisha vichwa vya mashine kwa pamba na spiriti, kisha nikazifunika kwa kitenge changu, na kitenge kile sikukivaa tena.

Mchekeshaji wetu alikuwa Melkiori, mwalimu wa shule ya msingi aliyekimbia kutoka Burundi. Alitunga mtu anayeitwa Bwana Afisa: koti kubwa kupita mwili, mkoba mkononi, anatoa amri kwa kila mtu na hakuna anayejua ni afisa wa nini. Mwisho wa kila filamu mkoba hufunguka, na ndani mna kiazi kitamu kimoja cha kuchemsha. Shirika lilitaka watu wasafishe madumu na wapange foleni. Sisi tulitaka wacheke. Kwa kawaida tulielewana.

Nisiwafiche, mwanzoni niliona aibu. Watu wamezika njiani, wengine hawakupata hata nafasi ya kuzika, nasi tunawaletea mtu mwenye kiazi. Nikamwuliza Melkiori kama haoni vibaya. Alikuwa anafunga vifungo vya lile koti. "Dada Skola," akasema, "nikikaa chini ya turubai langu nawahesabu ndugu zangu waliokufa. Nikivaa hili koti nasahau kuhesabu." Akaenda mbele ya kamera kutukana foleni. Sikumwuliza tena.

Sasa, ile filamu ya bombani. Bwana Afisa anaruka foleni ya maji, anatoa hotuba, anateleza, anaanguka kwenye tope. Melkiori alianguka vizuri sana. Tatizo lilikuwa nyuso. Bombani hakuna aliyecheka, kwa sababu maji yalikuwa yanakaribia kukatika na kila mtu alikuwa na macho kwenye dumu lake. Hapo mzee Gervas akatoa akiba. Alikuwa na desturi ya kukusanya nyuso: popote alipoona watu wanacheka kweli, aliwapiga picha kwenye kanda maalumu, tuzitumie siku ya shida. Katika kanda ile kulikuwa na nyuso za gulio la Runazi, huko Biharamulo, safari ya kutwa nzima kutoka kambini. Muuza viazi alikuwa amesinzia, mbuzi akawa anamlia bidhaa, na gulio zima linacheka badala ya kumwamsha.

Kati ya waliocheka kulikuwa na binti mdogo. Alisimama kwa mguu mmoja, unyayo wa pili ameuegemeza gotini, kama wanavyosimama wachungaji wa ng'ombe, akicheka meno yote nje. Begani kwake palikuwa na mkono wa mtu mzima. Mtu mwenyewe hakuonekana, ila mkono na pindo la kanga ya njano. Nikamchukua. Bwana Afisa anaanguka kambini, binti anacheka Runazi. Jua lilikuwa lile lile, udongo ule ule mwekundu. Mzee Gervas alipotazama aliuliza, "Mshono uko wapi?" Nilijisikia vizuri siku hiyo.

Tulionyesha kambini, uwanja wa mpira, giza lilipoanza kuingia. Nilisimama nyuma nikisikiliza. Bwana Afisa alipoanguka kicheko kilipanda, kikapanda tena kwenye uso wa binti, hasa nilivyotaka. Halafu nikasikia sauti moja isiyokuwemo katika hesabu zangu. Mwanamke alikuwa amesimama katikati ya watu akiita, "Odeta! Odeta!" Akawapita waliokaa chini, akafika kwenye shuka, akaweka kiganja chake pale alipokuwa binti. Wakati huo ilikuwa tayari ni Bwana Afisa anapangusa koti. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakazidi kucheka.

Tulipokuwa tunakunja nyaya alikuwa ameshaondoka. Siku zilizofuata Melkiori alinijia ofisini Ngara mjini, na uso wake haukuwa wa Bwana Afisa. "Dada Skola, kuna mama anaitwa Konsolata. Anakaa bombani tangu maji yanapofunguliwa mpaka yanapofungwa. Anawakamata watoto mabega, anawageuza, anawatazama. Watu wanasema amechanganyikiwa. Yeye anasema mwanawe yuko kambini humu humu, amemwona anachota maji. Njoo useme naye. Mimi nimeshindwa."

Nilimkuta ameketi juu ya dumu. Kirundi na Kihangaza ni majirani, tulielewana bila mkalimani. Alinieleza kwa ufupi, kama mtu aliyekwishaeleza mara nyingi. Walipokimbia, walitenganishwa mpakani kwenye msukosuko wa malori. Watu walimpandisha Odeta lori moja, yeye akabaki chini na mzigo. Lile lori halikuja kambini. Amemtafuta tangu hapo, na sasa amemwona, kwenye bomba analochotea maji kila siku. "Alikuwa amesimama pale," akasema, akaonyesha. "Kwa mguu mmoja. Baba yake alisimama hivyo hivyo."

Ikabidi nimwambie kwamba Odeta hakuwahi kusimama pale. Nikamweleza habari ya kanda mbili, kwamba aliyeanguka yuko mahali pengine na aliyecheka yuko mahali pengine. Jamani, kazi yangu niliifahamu vizuri, lakini sijawahi kuieleza kwa shida kama siku ile. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mlimtoa mtoto mahali alipo, mkamweka mahali asipokuwepo?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

"Ili watu wacheke."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Basi nipeleke mahali alipo."

Hilo nalo halikuwa jepesi, maana mkimbizi hakutoka kambini bila kibali, na ofisa wa kibali alisema uso kwenye filamu si ushahidi wa mtoto. Lakini alikubali Konsolata aje ofisini kwetu kutazama kanda yenyewe, ile ya akiba, ambayo haijakatwa. Mzee Gervas aliwasha mashine. Kwenye filamu yangu niliishia mahali kicheko kilipo juu kabisa, ndivyo tunavyofanya. Kwenye kanda ya akiba picha iliendelea. Odeta alimaliza kucheka. Akashusha mguu, akainua macho kumtazama yule mwenye kanga ya njano, midomo yake ikasema neno. Ule mkono ukamvuta karibu, wakageuka, wakatoka kwenye picha.

Sauti ya kanda ilikuwa kelele za gulio tu. Lakini sote tuliokuwemo chumbani tuliliona lile neno midomoni, na hata asiyejua kusoma angeliona. Konsolata aliomba turudishe. Tukarudisha. Aliomba tena. Mara ya mwisho akasema, "Anamwita mama." Akasogea karibu na kioo. "Amenenepa. Huyo mtu anamlisha." Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake na akashukuru, akaniacha mimi ndiye ninayelia.

Mimi na mzee Gervas tulikwenda Runazi siku ya gulio na kanda ile kwenye mfuko wa nailoni. Mwenye duka mmoja alikuwa na televisheni. Tukamwomba, tukafunga dirisha kwa gunia, tukacheza kile kipande mbele ya yeyote aliyetaka kuingia. Wengi walitaka kumwona mbuzi. Mwenye duka alitazama kanga. "Hiyo nilimwuzia mimi," akasema. "Huyo ni bibi Adela wa Nyantakara. Na huyo ni mtoto wake wa barabarani."

Tulimkuta bibi Adela anapalilia maharage. Mjane, wanawe wakubwa wamekwenda kuhangaika na maisha huko Mwanza na Geita. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu marahaba mwanangu, akaegemea jembe akingoja niseme kilichonileta. Nilipotaja jina la Odeta alishika mpini kwa mikono miwili.

"Nilimkuta barabarani, miguu imevimba," akasema. "Wenye lori walimshusha, wakaendelea. Nilitangaza. Padri alitangaza kanisani, zaidi ya mara moja. Hakuja mtu. Mama yake mzima?"

"Mzima, bibi. Yuko kambini Ngara."

Alitazama shamba, mistari aliyokwisha kupalilia na iliyobaki. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nimepanga maneno njia nzima, na hakuna hata moja lililohitajika. "Msimchukue leo," akasema. "Nguo yake ya kanisani iko kwa fundi. Nitamleta mwenyewe."

Akamleta. Alikuja na lori la mahindi, mfuko wa maharage kichwani, na Odeta amevaa gauni jipya. Tulikutana lango la kambi. Mimi ni mtu wa filamu. Nilidhani mtoto atakimbia, mama atakimbia, watakutana katikati. Odeta hakukimbia. Alimtazama yule mwanamke aliyekonda, ambaye hakuwa amemwona kwa muda mrefu, na hakujua la kufanya. Akafanya alichozoea kila anaposubiri. Akainua mguu mmoja, akaegemeza unyayo gotini.

"Shusha mguu," Konsolata akasema. "Nimekwambia mara ngapi wewe si mchunga ng'ombe?"

Mtoto alishusha mguu upesi, kama alivyokuwa akiushusha nyumbani kwao. Halafu akaelewa ni nani aliyesema. Hapo ndipo alipokimbia.

Baadaye Konsolata alipiga magoti mbele ya bibi Adela. Bibi Adela akamwinua, akasema amlaze mtoto upande wa ukutani kwa sababu anaanguka akilala, na kwamba hali boga. Akampa yale maharage. Odeta alimshika ile kanga ya njano hakuiachia, mpaka bibi Adela mwenyewe alipofungua vidole vyake, kimoja kimoja. Lori lilikuwa linapiga honi. Bibi Adela alipanda nyuma, akakaa akielekea mbele, hakugeuka.

Mambo yalipotulia kwao, Konsolata na Odeta walirudi Burundi kupitia mpaka wa Kabanga pamoja na wengine wengi. Melkiori naye alirudi kufundisha, na koti akatuachia. Filamu tukaendelea kuionyesha vijijini. Kila tulipofika Runazi bibi Adela alikuja kwa miguu kutoka Nyantakara, akakaa mbele kabisa. Bwana Afisa akishaanguka na binti akishacheka, bibi alisimama akaondoka. Kiazi hakuwahi kukiona. Mimi niliyekuwa nyuma nikisikiliza nilizoea kelele za gunia lake la kukalia likikunjwa katikati ya kicheko cha watu.

Siku moja nilimfuata. Nilimwuliza kama filamu inamchukiza.

"Hapana, mwanangu. Nakuja kumwona." Alikuwa ameshika gunia kifuani. "Ila mbona mnamkata? Alipomaliza kucheka alinitazama. Akaniambia, mama, twende nyumbani. Mimi nangoja anitazame, nyinyi mnamkata, mnaniletea yule mwanamume wa tope."

Nilirudi Ngara nikaitoa kanda ya akiba. Mzee Gervas alinikuta kazini, akaelewa kabla sijamweleza. "Kicheko kitakufa pale," akasema. "Na kila kinachofuata itabidi ukifanye upya."

"Najua, mzee."

"Nilikufundisha hivyo?"

"Hukunifundisha hivyo."

Alivua kofia yake ya sufi, akaiweka juu ya mashine, akavuta kiti. Tukaifanya upya mpaka mwisho, yeye akicheza kanda, mimi nikirekodi, kipande kwa kipande. Ndiyo kazi ya mwisho tuliyofanya pamoja kabla afya yake haijamrudisha nyumbani.

Tukaipeleka Runazi. Nilisimama nyuma kama kawaida. Bwana Afisa akaanguka, watu wakacheka. Binti akacheka, wakazidi. Halafu picha ikaendelea. Kicheko kikapungua, kikaisha, na ukimya wa namna ile ni aibu kubwa kwa mtu wa vichekesho. Watoto walianza kukohoa. Kwenye shuka Odeta alishusha mguu, akainua macho, akasema neno lake, na mkono wa kanga ya njano ukamvuta, wakaondoka pamoja.

Nilingoja kusikia gunia likikunjwa. Sikulisikia. Bwana Afisa akapangusa koti, akatoa hotuba nyingine, mkoba ukafunguka, kiazi kikaanguka kwenye tope, na kutoka mbele kabisa nikasikia kicheko cha mwanamke mzee ambacho sijawahi kukisikia, kikavu kidogo, cha mtu anayekiona kiazi kile kwa mara ya kwanza. Kasoro mnayoiona niliiweka mwenyewe. Msiiguse.